Mbwa wa Shamba Anapokauka Ngozi: Tiba za Nyumbani na Mipaka Yake

Himdi zote Anastahiki Allaah, Mola wa walimwengu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake, Swahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo: masuali ya mbwa ni katika yale yanayoulizwa kwa kunong'ona. Mtu ana shamba lake la mihogo na migomba, na ana mbwa wa kumlindia nguruwe mwitu na kima. Mara mbwa yule anaanza kujikuna, mgongo unajaa mba kama uliomwagiwa jivu, na manyoya yanakatika. Mwenyewe anataka kumtibu lakini anaona haya kuuliza, kwani jibu analolitarajia ni moja: "Si mbwa huyo? Mwache." Au jirani anamshauri ammwagie mafuta ya taa. Basi mnyama anaunguzwa ngozi, au anafukuzwa akazurure njiani, na kama alichokuwa nacho ni upele wa kuambukiza, anaupeleka kwa mbwa wengine na huenda hata kwa watoto.

Makala hii inaeleza yanayoweza kufanywa nyumbani kwa vitu tulivyo navyo. Jambo la msingi ni hili: tiba ya nyumbani inafaa kwa ngozi iliyokauka, haitoshi kwa ngozi iliyoingiliwa na wadudu au fangasi. Kwa hiyo kabla ya kushika chupa ya mafuta, mwenye mbwa anatakiwa ajue mbwa wake ana kipi kati ya hivyo viwili.

Mbwa aliyeruhusiwa ana haki zake

Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim zinaeleza kuwa anayefuga mbwa hupungukiwa na malipo ya amali zake kila siku, isipokuwa mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo au wa kulinda mimea. Wanavyuoni wengi wa madhhab ya Shaafi'iy, ambayo ndiyo inayofuatwa zaidi visiwani kwetu, wamemkisia hapo pia mbwa wa kulinda nyumba penye haja ya kweli. Ama kufuga kwa kujifakharisha au kwa kuiga, hiyo haimo katika ruhusa. Na kwa kuwa imethibiti pia kwamba Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, mahali pake ni nje, katika banda lake.

Lakini aliyeruhusiwa kumfuga mnyama hakuruhusiwa kumtesa. Katika Swahihi mbili hizo mna kisa cha mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatu chake ili amnyweshe mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, na Allaah Akamsamehe dhambi zake. Swahaba walipouliza kama kuna malipo kwa wanyama, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliwajibu kuwa kuna malipo katika kila kiumbe chenye uhai. Na mwanamke aliyemfunga paka bila ya kumlisha wala kumwachia ajitafutie, tumeambiwa mwisho wake ulikuwa Motoni.

Mafaqihi hawakuyaacha haya yabaki mawaidha tu. Katika mlango wa tayammamu, vitabu vya Kishaafi'iy vinaeleza kuwa mtu mwenye maji machache, akiwa na mnyama mwenye kiu ambaye uhai wake unaheshimiwa na sheria, anatayammamu na maji anamnywesha mnyama. Mbwa mwenye manufaa anaingia humo. Ikiwa maji ya udhu yanaweza kuachwa kwa ajili ya kiu yake, basi hakuna aibu yoyote kwa Muislamu kuuliza namna ya kutibu ngozi yake.

Ni ukavu au ni maradhi?

Ngozi kavu tupu ina dalili zake. Utaona mba nyeupe, nyepesi, kama unga, khasa mgongoni na karibu na mkia. Manyoya hupoteza mng'ao na kuwa makavu kama nyuzi za kumbi. Mbwa hujikuna kidogo lakini anakula, analala na anakimbia kama kawaida. Hakuna vidonda, hakuna harufu mbaya, wala hakuna sehemu iliyo tupu kabisa.

Ukiona zaidi ya hapo, shuku jambo jingine. Yafuatayo ndiyo yanayofanana zaidi na ukavu:

1. Viroboto. Mchane mbwa kwa chanuo la meno ya karibu juu ya karatasi nyeupe iliyorowa. Zikidondoka chembe nyeusi kisha zikageuka rangi ya damu ya mzee, hicho ni kinyesi cha viroboto, nacho ni damu waliyoinyonya. Wajikunao kwa viroboto huumia zaidi kiunoni na penye shina la mkia.

2. Upele wa utitiri. Hawa ni wadudu wadogo mno wanaochimba vijia ndani ya ngozi na kutaga humo. Huanzia kwenye ncha za masikio, viwiko, visigino na tumboni, na muwasho wake hauna mapumziko usiku wala mchana. Ukimsugua ncha ya sikio na mguu wa nyuma ukaanza kupiga kama anayejikuna hewani, shuku upele huu. Unaambukiza mbwa kwa mbwa, na hata binadamu aliyemgusa anaweza kutokwa na vipele vya kuwasha kwa muda.

3. Choa. Hii ni fangasi. Manyoya hukatika kwa viduara, na katikati ya kiduara ngozi huwa na magamba. Choa ya mbwa huwapata watu, na watoto ndio wa kwanza.

4. Mba inayotembea. Kuna utitiri mwingine unaoishi juu ya ngozi. Ukiitazama ile mba juani kwa makini, utaiona inasogea.

5. Maradhi ya ndani. Mbwa anayenenepa bila ya kula sana, mvivu, manyoya yanapungua pande zote mbili sawasawa bila ya kujikuna, huenda tezi zake zina kasoro. Hapo mafuta ya kupaka hayatagusa chanzo.

Kwa nini ngozi hukauka

Tabaka la juu la ngozi ya mbwa ni jembamba kuliko letu. Lake lina safu tatu mpaka tano za seli, wakati la binadamu lina kumi au zaidi. Manyoya ndiyo kinga yake kubwa. Juu ya ngozi hiyo kuna utando wa mafuta ya asili unaozuia maji ya mwilini yasitoke na vijidudu visiingie. Seli za juu hufa na kudondoka kidogo kidogo, na ngozi nzima hujibadilisha kwa muda wa wiki tatu hivi. Utando ule ukiondoshwa au ukikosa malighafi ya kuutengeneza, seli hudondoka kwa mafungu, nayo ndiyo mba tunayoiona.

Katika nchi za baridi watu hulaumu hewa kavu ya ndani ya nyumba. Visiwa vyetu vina unyevu hewani karibu mwaka mzima, hata upepo wa kusi unapovuma. Kwa hiyo mbwa wa Unguja, Pemba, Mafia au Lamu akikauka ngozi, usianze kuilaumu hewa. Tazama kwanza mambo matatu.

La kwanza ni sabuni. Wengi huwaosha mbwa kwa sabuni ya mche au ya unga ya kufulia. Sabuni hizo zimetengenezwa kuondosha mafuta kwenye nguo, na mafuta ya ngozi hazitayabakisha.

La pili ni maji ya bahari. Wapo wanaompeleka mbwa pwani wakiamini chumvi inaua upele. Utitiri umejichimbia ndani ya ngozi, na kuoga bahari hakuutoi. Maji yakikauka, chumvi hubaki katika manyoya na kuivuta unyevu ngozi. Mbwa akiingia baharini, amwagiwe maji baridi ya kisima au ya mfereji baada yake.

La tatu ni chakula. Mbwa wengi wa shamba hula ukoko wa wali, ugali na maganda ya muhogo, basi. Utando wa ngozi unatengenezwa kwa mafuta na protini, na vyakula hivyo vina uhaba wa vyote viwili. Tena nafaka zina kitu kinachoyashika madini ya zinki tumboni yasiingie mwilini, na mbwa akikosa zinki ngozi yake huota magamba, khasa pembezoni mwa macho, mdomo na kwenye viwiko.

Tiba za nyumbani

Hatua ya kwanza: acha kinachomkausha

Acha sabuni zote kwa mwezi mmoja. Mbwa asiyenuka hahitaji kuoshwa kila wiki. Akichafuka, maji matupu ya uvuguvugu na mkono unaosugua vinatosha. Ukipata shampuu iliyotengenezwa kwa mbwa, itumie si zaidi ya mara moja kwa wiki mbili au tatu na uisuuze mpaka maji yatoke safi, kwani mabaki ya povu nayo huwasha. Maji ya moto yaepukwe, kwa kuwa huyeyusha mafuta ya ngozi na kuongeza muwasho.

Hatua ya pili: maji ya oti

Oti ni ile nafaka ya uji inayouzwa madukani katika makopo na pakiti. Chukua isiyo na sukari, maziwa wala ladha. Isage mpaka iwe unga laini kabisa. Ukitaka kujua kama umesagika vya kutosha, tia kijiko kimoja katika gilasi ya maji na ukoroge. Maji yakigeuka meupe kama tui, uko sawa. Unga ukizama chini, urudishe kwenye mashine.

Tia kikombe kimoja cha unga katika ndoo ya maji ya uvuguvugu. Mmwagie mbwa taratibu kwa kopo, ukiyapapasa maji yale mpaka yafike kwenye ngozi, na uyaache kwa dakika kumi mpaka kumi na tano. Kisha msuuze kidogo kwa maji safi na umkaushe kwa kumkandamiza na kitambaa bila ya kumsugua. Wanga wa oti hufanya utando mwembamba unaoshika maji juu ya ngozi, na ndani yake mna viambato vinavyopunguza muwasho. Fanya hivyo mara moja kwa wiki. Akiramba kidogo haina dhara.

Hatua ya tatu: mafuta ya nazi, machache

Mafuta ya nazi hayaongezi maji kwenye ngozi, bali yanayazuia maji yaliyopo yasitoke. Kwa hiyo wakati wake ni baada ya kuoga, ngozi ikiwa na unyevu bado. Kijiko kimoja cha chai kinatosha kwa sehemu zilizokauka: viwiko, pua iliyopasuka, nyayo, mgongo wenye mba. Sugua mpaka yapotee. Ukiona manyoya yamelowa mafuta, umezidisha. Mafuta mengi hukusanya vumbi, na mbwa akiyaramba huharisha. Usipake penye kidonda kinachotoa maji wala penye ngozi yenye utando wa mafuta na harufu, kwani huko huenda fangasi wameshaingia na mafuta yatawafunika tu.

Kuna jambo la twahara hapa linalosahauliwa sana. Usichovye ndani ya chupa ya nyumbani mkono uliokwisha kumgusa mbwa. Mimina mafuta kidogo katika kifuu au kikombe kibovu, chupa irudi jikoni, kisha ndiyo uanze kupaka. Vinginevyo utainajisi chupa nzima, na mafuta ya maji maji yaliyoingiwa na najisi hayatwahariki katika kauli yenye nguvu ya madhhab.

Hatua ya nne: chakula

Hapa ndipo penye tiba inayodumu. Katika mapishi yake ongeza samaki aliyepikwa bila ya chumvi na kutolewa miiba: vibua, dagaa au vichwa vya samaki vilivyochambuliwa. Samaki hawa wana mafuta ya omega-3, ambayo mwili huyatumia kutuliza uvimbe na kuimarisha ngozi. Ng'onda na papa mkavu wasitumike kwa ajili ya chumvi. Na bunju asikaribie chombo chake hata kidogo. Sumu inayomuua mtu inamuua na mbwa.

Yai moja lililochemshwa, mara mbili kwa wiki, linamfaa. Yai bichi lisizoeshwe, kwani ute wake mbichi huishika vitamini inayohitajiwa na ngozi na manyoya. Anza na vipande vidogo kwa siku chache za mwanzo ili tumbo lizoee.

Maji ya kunywa yasikatike. Kwa makadirio, mbwa anahitaji nusu lita ya maji kwa kila kilo kumi za uzito wake kwa siku, na zaidi wakati wa joto la kaskazi au akitoka mawindoni.

Usitarajie mabadiliko kwa siku tatu. Muwasho unaweza kutulia mapema, lakini matokeo ya chakula kwenye manyoya huonekana baada ya wiki sita mpaka nane. Wengi huacha wiki ya pili wakisema haikufaa.

Hatua ya tano: burashi na malazi

Mpige burashi mara mbili au tatu kwa wiki kuelekea manyoya yanakolalia. Burashi huondosha mba na husambaza mafuta ya asili kutoka kwenye ngozi mpaka ncha za manyoya. Iwe ni burashi yake peke yake, ikae bandani.

Magunia anayolalia yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani kila wiki. Viroboto unaowaona juu ya mbwa ni sehemu ndogo tu. Mayai na viluwiluwi vyao viko katika magunia, vumbi na nyufa za banda. Anayetibu mbwa akaliacha banda, baada ya wiki chache ataanza upya.

Vitu vya kuviepuka

Haya tunayaandika kwa msisitizo, kwa sababu mengi yanafanywa kwa nia njema na yanaua.

Mafuta ya taa, petroli na oili chafu ya gari. Huunguza ngozi, na mbwa akijiramba, mvuke na matone yake yanaweza kuingia mapafuni. Kuonekana upele umenyamaza kwa siku mbili si kupona.

Dawa za wadudu wa mimea, na dawa za kuogeshea ng'ombe zilizopimwa kwa kukisia. Kipimo cha ng'ombe si kipimo cha mbwa. Vivyo hivyo sindano na vidonge vya mifugo wakubwa visitolewe bila ya daktari wa mifugo.

Mafuta ya karafuu. Visiwani tunayatumia kwa jino na kwa maumivu, lakini yakiwa makali huwasha na kuunguza ngozi ya mbwa, na akiyaramba humdhuru. Mafuta mengine makali ya kunukia yana hukumu hiyo hiyo.

Malhamu za watu. Zenye zinki, mbwa akiziramba humtapisha na zikizidi humharibu damu. Nyingine zina dawa zinazopunguza nguvu ya ngozi kujikinga, na fangasi wakiwemo huzidi.

Ndimu, siki na chumvi kwenye ngozi iliyopasuka. Huko ni kumuadhibu mnyama, kwani ngozi iliyopasuka inawaka na haiponi kwa hayo.

Mwarobaini. Watu wengi wanautegemea, lakini maji ya majani yake yasichukuliwe kuwa badali ya dawa ya utitiri, na mafuta yake mazito yasipakwe, kwani humletea mbwa muwasho na kutapika anapojiramba.

Vitunguu maji na vitunguu thomu ndani ya chakula "kusafisha damu". Kwa mbwa huvunja chembe nyekundu za damu. Na vidonge vya maumivu vya watu asipewe kabisa.

Twahara ya anayemhudumia

Hofu kubwa ya wengi iko hapa, na ndiyo inayowafanya wamwache mnyama ateseke. Mas-ala yenyewe ni mepesi yakipangwa.

Katika madhhab ya Shaafi'iy, mbwa mzima ni najisi nzito, na kwa Imaam Ahmad kauli mashuhuri ni hiyo hiyo. Imaam Abu Haniyfah anaona mate yake ndiyo najisi, na Imaam Maalik anamhesabu mbwa kuwa twahara. Sisi tutaeleza kwa kauli inayofuatwa na wengi visiwani.

Mkono mkavu ukigusa manyoya makavu, najisi haihami na hakuna cha kuosha. Pakiwa na unyevu wowote, wa maji, jasho, mate au mafuta, mahali palipoguswa paoshwe mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, kama ilivyothibiti katika hadithi ya Abu Hurayrah aliyoipokea Muslim. Namna nyepesi ni kuchukua udongo safi, kuukoroga katika maji mpaka yabadilike rangi, na kuuoshea mkono mara ya kwanza, kisha mara sita kwa maji safi. Sabuni haikai badala ya udongo katika kauli iliyo sahihi zaidi ya madhhab. Na kumgusa mbwa hakutengui udhu. Kinachotakiwa ni kuosha palipopata najisi kabla ya kuswali.

Kwa hiyo jipange hivi. Kuwa na nguo moja ya kazi hiyo, na glovu za mpira au mifuko ya plastiki mikononi. Chagua saa mbili au tatu za asubuhi, ili mbwa akauke kwa jua na wewe upate wasaa kabla ya Adhuhuri. Usianze jua likielekea kuzama kisha Maghribi ikakubana. Mwoshe mbali na kisima, tangi na mahali pa kuswalia, maji yateremkie shambani. Tenga ndoo, kopo, kitambaa na burashi zake, visichanganyike na vyombo vya nyumbani.

Watoto wasiachiwe kazi hii. Hawawezi kuchunga twahara, na kama ni choa au upele, wao ndio watakaoambukizwa. Wafundishwe kuwa kumuogopea mbwa najisi ni katika dini, na kumpiga mawe kwa kuwa ana upele si katika dini.

Lini umwite daktari wa mifugo

Mpe mbwa wiki mbili mpaka tatu za kuacha sabuni, maji ya oti na kubadilisha chakula. Asipoonesha nafuu yoyote, acha kujaribu na uwasiliane na afisa mifugo wa eneo lako. Usingoje hata siku hizo ikiwa:

- ngozi inatoa damu, usaha au harufu kali;
- manyoya yametoka na kuacha sehemu tupu;
- anajikuna usiku kucha au amekonda;
- mtu yeyote nyumbani ameanza kuwashwa au ana viduara vya choa;
- ni mtoto wa mbwa, au mbwa mwenye mimba au anayenyonyesha.

Kwa kawaida daktari hukwangua ngozi kidogo na kuitazama kwa darubini, kisha akatoa dawa inayolingana na uzito wa mbwa. Upele wa utitiri na choa vina dawa, na mbwa aliyeonekana wa kutupwa anaweza kuota manyoya mapya. Nafasi hiyo hiyo itumike kumchanja mbwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Mnyama mwenye maumivu huweza kumng'ata hata anayemtibu. Basi mfunge mdomo kwa kitambaa laini kwa muda mfupi, huku ukihakikisha anapumua. Ikitokea akang'ata, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kumi na tano, na mtu aende hospitali siku hiyo hiyo.

Ndugu zetu, mbwa wa shamba anakesha usiku ili mihogo yako isichimbuliwe na wewe ulale. Hawezi kusema kuwa ngozi inamwasha, wala hawezi kujinunulia samaki. Aliyemweka kwa haja yake amebeba dhamana ya chakula chake, maji yake na maradhi yake, na dhamana hiyo ataulizwa. Na asiyeweza kumhudumia asimfuge, au ampe mwenye uwezo na haja, wala asimtupe njiani akawa adha kwa watu.

Na Allaah Anajua zaidi.